Baridi ndani ya sanduku: toka barafu ya Boston hata frigo yenye akili

Kila mama anunuaye samaki asubuhi anajua jambo moja: samaki hangoji. Ndiyo maana wazee wetu walimkausha juani, wakamtia chumvi, wakambanika juu ya moshi. Leo kuna frigo. Tena kuna frigo zinazosemwa kuwa zina akili. Tutazame zimetoka wapi, ndipo tutajua kuzipima.

Kwanza baridi ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Mwaka 1806 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, Marekani, alipeleka merikebu ya barafu katika kisiwa cha Martinique. Watu walimcheka. Lakini mwaka 1833 barafu yake ilifika hata Calcutta, Uhindi, baada ya safari ya miezi minne baharini.

Kisha alitokea daktari John Gorrie wa Florida. Aliwahurumia wagonjwa wake wa homa, akaunda mashini ya kufanya barafu. Mwaka 1851 akapewa hati ya uvumbuzi. Lakini hakupata fedha za kuiendeleza, akafa maskini mwaka 1855.

Frigo za nyumbani zilienea Marekani baada ya mwaka 1920 hivi. Zinafanyaje kazi? Jipake spiriti mkononi: inapokauka utasikia baridi, kwa maana inaondoka na joto la ngozi. Vivyo hivyo ndani ya mabomba ya frigo maji ya namna fulani hugeuka kuwa hewa, yakichukua joto la chakula. Mashini huyakamua na kuyarudisha tena. Shida ilikuwa hii: hewa za siku zile zilikuwa na sumu. Bomba likivuja usiku, watu waliweza kufa kitandani.

Basi mwaka 1928 Thomas Midgley na wenzake walipata hewa mpya, iliyoitwa baadaye Freon. Haikuwa na sumu, wala haikuwaka moto. Mwaka 1930, mbele ya wataalamu, Midgley aliivuta kifuani, akaipulizia mshumaa, ukazimika. Wote walifurahi. Jiko lilikuwa salama.

Lakini frigo ikifa, hewa yake inakwenda wapi? Jibu lilikuja mwaka 1974. Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba hewa za namna hiyo hupanda juu sana na kuharibu ozoni, ambayo ni kama mwavuli wetu mbele ya mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuziacha. Hewa zilizochukua nafasi yake nazo zikaonekana kuongeza joto la dunia. Ndipo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, kwa jirani zetu wa Rwanda, yakapatana kuzipunguza.

Sasa tufike kwenye frigo yenye akili. Mwaka 2000 LG ya Korea ya Kusini ilitoa frigo iliyounganishwa na intaneti. Ilikuwa ghali mno, wachache waliinunua. Siku hizi nyingine zina kamera ndani: mama akiwa sokoni anatazama simu yake, anaona kama mayai yamekwisha. Ni msaada wa kweli, maana chakula kinachooza ni fedha inayotupwa.

Hata hivyo, mwaka 1995 Mohammed Bah Abba, mwalimu wa Nijeria aliyezaliwa katika jamaa ya wafinyanzi, alitia chungu ndani ya chungu, akaweka mchanga wenye maji katikati. Maji yakikauka huchukua joto, kama ile spiriti ya mkononi. Mboga zikadumu siku nyingi, bila umeme.

Basi, ndugu, ukionyeshwa chombo kipya, usiulize tu kinafanya nini leo. Uliza: umeme ukikatika, je? Kikiharibika, fundi gani atakitengeneza? Nani mwingine anaona tunachokula? Na siku ya kukitupa, hewa yake itakwenda wapi? Mshumaa wa Midgley ulizimika vizuri kabisa. Swali la pili ndilo halikuulizwa.