Mchezo wa Maswali Uliopoteza Watazamaji

Mtu atazamaye mashindano ya maswali hafuati elimu peke yake. Hufuata pia wasiwasi wa mshindani asiyejua kama atashinda au atashindwa. Wasiwasi huo ukiwa wa kuigiza, shindano limekufa, hata kama taa zake zingali zinawaka. Jambo hili lilidhihirika Marekani.

Mwezi wa Septemba 1956, shirika la televisheni la NBC lilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Twenty-One. Washindani wawili walifungiwa, kila mmoja katika kibanda chake cha kioo, wasipate kusikilizana. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa haki, lakini ulichosha, kwa kuwa washindani walikosea mno. Kampuni ya dawa iliyougharimia ikakasirika. Watengenezaji wangeweza kulainisha maswali. Badala yake walikata shauri kuwapa washindani majibu mapema, na kuwafundisha hata namna ya kusitasita na kupangusa jasho.

Herbert Stempel alishinda hivyo kwa majuma kadhaa, kisha akaamriwa ashindwe. Tarehe 5 Desemba 1956 aliulizwa ni sinema gani iliyopata tuzo kuu ya Oscar kwa mwaka wa 1955. Jibu lilikuwa Marty, naye alilijua. Akataja nyingine kama alivyoagizwa. Aliyemshinda ni Charles Van Doren, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia. Huyu alipendwa na mamilioni ya watu, akachuma dola 129,000.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mnamo Agosti 1958 mchezo mwingine, Dotto, uliondolewa ghafula baada ya daftari la mshindani kuonekana lina majibu. Stempel naye akasema hadharani aliyoyajua. Watu wakaanza kushuku michezo yote ya namna hiyo, na watazamaji wakatawanyika. Twenty-One ukakoma Oktoba mwaka huo huo. Tarehe 2 Novemba 1959, Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akapoteza kazi yake ya ualimu. Mwaka 1960 sheria ilipiga marufuku hila hiyo.

Watengenezaji walidhani kwamba makosa ya washindani yangewafukuza watazamaji. Kumbe kilichowafukuza ni majibu yaliyo sahihi. Nawe msomaji, uingiapo katika chumba cha mtihani, kumbuka kwamba kosa la haki husahihishwa kesho, bali ushindi wa kuibia huharibu hata ule uliopatikana kwa jasho.