Kuvisha viti vya gari ngozi

Kuvisha viti vya gari ngozi ni kazi ya kuvua kava za kiwandani, ambazo aghalabu huwa za kitambaa, na kuweka mahali pake kava za ngozi zilizokatwa na kushonwa kufuata umbo la sponji ya kiti. Kava za kutupia juu, zile zinazouzwa zikiwa tayari na kufungwa kwa mipira na ndoano, hazihusiki hapa, kwani hizo huvikwa kiti ambacho tayari kina nguo yake. Kazi hii hufanywa na mafundi wa viti, lakini hata mwenye gari anaweza kuifanya nyumbani, kwa kuwa vifaa si vingi na kiti cha mbele hutoka kwa bolti nne tu. Wengi hudhani ugumu uko kwenye cherehani. Kwa kweli kiti huharibika zaidi mezani, wakati wa kupima na kukata, kabla uzi haujatungwa kwenye sindano.

Historia

Magari ya mwanzo yalirithi desturi za magari ya kukokotwa na farasi. Dereva alikaa mbele, penye mvua na vumbi, akawekewa ngozi kwa sababu ngozi hupanguswa ikakauka. Mabwana na mabibi waliokaa ndani waliwekewa sufu au mahameli. Ndiyo maana katika magari ya kifahari ya miaka ya 1920 mara nyingi kiti cha dereva ni cha ngozi na cha tajiri ni cha kitambaa, jambo ambalo mnunuzi wa leo angeona limegeuzwa kichwa chini. Huko Uingereza kampuni ya ndugu wa Connolly, iliyoanzishwa London mwaka 1878, ilikuja kuuza ngozi kwa Rolls-Royce, Jaguar na hata Ferrari ya Italia, na viti vya Bunge la nchi hiyo vilivikwa ngozi yake. Kiwanda chao kilifungwa mwaka 2002.

Kilichomo chini ya ngozi nacho kimebadilika. Springi na singa za farasi zilifuatwa na sponji ya mpira, kisha ya poliurethani, kemikali iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937 na kuenea kwenye viti baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sponji hii humiminwa kwenye kalibu, hivyo umbo la kiti hutoka kiwandani likiwa limekwisha kuamuliwa. Hapo ndipo fundi wa nyumbani alipopata nafuu. Anayekarabati gari la miaka ya 1940 hana budi kujua kwanza kufunga springi na kutandika singa, ufundi ambao ni wa peke yake.

Ngozi yenyewe

Ngozi ya viti vya gari ni ya ng'ombe, yenye unene wa takriban milimita 1.1 hadi 1.3. Ya viatu mara nyingi ni nene mno kwa mikunjo ya kiti, na ya mikoba laini haistahimili kusuguliwa na suruali kila siku. Ng'ombe mkubwa wa Ulaya hutoa ngozi ya mita za mraba 4.5 hadi 5, na gari la abiria watano huhitaji ngozi mbili au tatu za aina hiyo. Katika kukata, kati ya robo na theluthi hupotea, na anayenunua kwa hesabu kali hujikuta amekwama akiwa na kiti kimoja kilicho uchi.

Ng'ombe wa Afrika Mashariki wenye nundu hutoa ngozi ndogo zaidi. Juu yake huwa na alama za chapa ya moto, michubuko ya miiba na makovu ya kupe, na kwa kawaida hukaa pale pale kwenye ubavu na paja ambapo fundi angependa kupata kipande kikubwa kisicho na dosari. Baadhi ya viwanda huficha dosari hizo kwa kuusugua uso wa ngozi, kuupaka rangi nzito na kuugandamizia vinyweleo vya kuchora. Ngozi ya namna hiyo si ya kudharauliwa. Kwa gari la familia linalobeba watoto na magunia huenda ikafaa kuliko ile isiyopakwa rangi ya juu, ambayo hunywa kila tone la chai.

Namna ya kusindika ina uzito zaidi kuliko rangi. Usindikaji wa kale hutumia magome ya miti. Kampuni ya TANWAT ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya magome ya miwati, na pwani magome ya mikoko yalikuwa bidhaa ya biashara. Ngozi ya magome ni ngumu na nzuri kwa mikanda na tandiko la farasi, lakini ikiwa na unyevu huanza kusinyaa kwenye joto la nyuzi 70 hadi 85. Iliyosindikwa kwa kromiamu huvumilia hadi karibu nyuzi 100, nayo ni laini tangu mwanzo. Kwa gari linaloachwa juani, pasipo sababu nyingine nzito, hii ya pili ndiyo ya kuchagua. Viwanda vingi vya magari sasa hutumia pia ngozi isiyo na kromiamu kabisa.

Kinachoitwa ngozi katika maduka mengi ya vifaa vya viti ni reksini, yaani kitambaa kilichopakwa plastiki. Ukigeuza ngozi ya kweli utaona nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, ilhali nyuma ya reksini kuna ufumo wa kitambaa. Kuna pia ngozi ya kuunganishwa, iliyotengenezwa kwa chenga za ngozi na gundi. Hiyo hunukia vizuri dukani na kuanza kubanduka magamba mapema. Hata watengenezaji wakubwa huchanganya: ngozi pale mwili unapogusa, reksini ubavuni na nyuma. Mwenye bajeti ndogo akifanya vivyo hivyo hatakuwa amemdanganya mtu, mradi rangi zifanane.

Kuvua na kupima

Kabla ya kugusa bolti, waya hasi wa betri hufunguliwa. Miongozo ya Toyota hutaka kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kuchomoa soketi za manjano zilizo chini ya kiti, kwa sababu hizo ni za mfuko wa hewa. Kwenye Toyota nyingi bolti za kiti hufunguliwa kwa spana namba 14.

Kava hushikiliwa kwa njia mbili. Chini kabisa, ukingo wake una ukanda wa plastiki wenye umbo la ndoano unaong'ang'ania fremu. Katikati, ndani ya mifereji ya sponji, kuna upindo wenye waya, na waya huo umefungwa kwa pete ndogo za chuma kwenye waya mwingine uliozama ndani ya sponji. Pete hukatwa, lakini waya hutunzwa, maana utarudi. Wasiojua siri ya mifereji hii huvuta kava kwa nguvu na kung'oa sponji vipande.

Kava ya zamani ndiyo kiolezo. Kabla ya kuifumua, kila kipande hupewa namba, mshale wa kuonyesha juu, na alama fupi za kalamu zinazovuka mshono kila baada ya sentimita chache, ili baadaye vipande viwili vikutane mahali vilipokuwa vimekutana. Kisha wembe hupita kwenye uzi. Kava ya kiti kimoja tu hufumuliwa. Ya pili hubaki nzima, iwe ya kuangalizia.

Hapa kuna uamuzi ambao wengi hukosea. Katika nchi zinazoendesha kushoto, dereva huingia na kutoka kwa kuburuta paja juu ya ukingo wa kulia wa kiti chake, na baada ya miaka kitambaa cha upande huo huwa kimelegea na sponji yake imebonyea. Kiolezo kikichukuliwa hapo, ulegevu huo hunakiliwa kwenye ngozi mpya. Ni heri kufumua kiti cha abiria wa mbele, ambacho hukaliwa kidogo, na kugeuza violezo vyake kuwa vya upande wa dereva. Sponji iliyobonyea hujazwa kwa kipande kilichobandikwa na kuchongwa kwa kisu kikali. Sponji ya godoro la kawaida ni laini mno kwa kazi hiyo, na pia huweza kushika moto haraka. Kiwango cha Marekani cha FMVSS 302, kwa mfano, hakiruhusu vifaa vya ndani ya gari kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika.

Kitambaa cha kiwandani huvutika, na kipande kimoja kinaweza kuzunguka kona ambayo ngozi itakataa. Kwa hiyo violezo hushonwa kwanza kwa reksini ya bei rahisi na kujaribiwa juu ya sponji. Panapokunjamana huongezwa mshono. Jaribio hilo huchukua siku nzima, na wanaoliruka hulilipia kwa ngozi.

Kukata

Ngozi hutandazwa uso juu, mara moja tu bila kukunjwa, na dosari zake huzungushiwa chaki. Sehemu ya mgongo, ambayo ni imara na haivutiki ovyo, hupewa katikati ya kikalio na egemeo. Shingo ina makunyanzi na tumbo hulegea. Hizo huenda kwenye vipande visivyoonekana. Violezo huelekezwa ili uti wa mgongo wa ng'ombe uende kutoka nyuma ya kiti kuja mbele, na vipande vya kushoto na kulia vitoke sehemu zinazolingana za ngozi, la sivyo baada ya mwaka upande mmoja utalegea peke yake. Akiba ya mshono ni milimita 10 hadi 12. Nyuma ya vipande vya kukalia hubandikwa sponji nyembamba ya milimita 5 hadi 10.

Kushona

Tundu la sindano kwenye ngozi haliponi. Mshono ukifumuliwa, matundu hubaki, na kushona tena kando yake hufanya ukingo uchanike kama stempu. Kwa sababu hiyo hiyo urefu wa hatua huwa milimita 4 au zaidi, na mwisho wa mshono ncha za uzi hufungwa fundo kwa nyuma badala ya kurudia kushona pale pale. Vipande hushikanishwa kwa vibanio au gundi. Pini haziingii katika kazi hii.

Cherehani ya kufaa ni ile ambayo sindano, mguu na meno husogea pamoja, kwa mfano Juki LU-563 au Singer 111W ya zamani. Cherehani ya nyumbani husogeza tabaka la chini kwa meno huku la juu likinata kwenye mguu, na mshono wa nusu mita humalizika vipande vikiwa vimepishana. Mguu wa teflon na poda kidogo hupunguza tatizo bila kuliondoa. Cherehani ya fundi viatu yenye mkono mrefu hupenya ngozi yoyote, ila bobini yake ndogo huisha upesi na hatua zake hazilingani. Ni ya viraka. Uzi ni wa poliesta, wa Tex 70 hadi 90 kwa mishono ya ndani na Tex 135 kwa mshono wa juu unaoonekana. Nailoni ina nguvu, lakini jua huila haraka zaidi, na uzi wa pamba hauna nafasi kabisa.

Mfuko wa hewa

Volvo ilianza kuweka mifuko ya hewa ya ubavuni katika egemeo la kiti cha modeli ya 850 mwishoni mwa mwaka 1994, na leo ni jambo la kawaida. Mfuko huo hutoka kwa kupasua mshono maalumu wenye uzi dhaifu uliopimwa. Mshono huo ukishonwa kwa uzi wa kawaida, mfuko unaweza kuchelewa au kufumukia kusikotakiwa. Viwandani cherehani hurekodi kila mshono wa aina hiyo. Nyumbani hakuna namna ya kuupima. Lililo salama ni kuacha egemeo lenye lebo ya mfuko wa hewa na kava yake ya awali, hata kama rangi haitalingana na kikalio. Kwenye kikalio cha abiria mara nyingi huwa na kihisi cha uzito, nacho hakitobolewi wala kukunjwa.

Kuvisha

Kava iliyokamilika huanikwa juani ili ilainike. Sponji hufunikwa nailoni nyembamba ili ngozi iteleze, kisha waya wa mfereji wa katikati hufungwa kwanza kwa pete mpya na plaizi yake, na mvuto huelekea kingoni, kushoto na kulia kwa zamu. Makunyanzi madogo huisha kwa mvuke wa pasi iliyowekwa juu ya kitambaa chenye maji, au yenyewe baada ya siku kadhaa za kukaliwa. Kunyanzi lenye kina ni kosa la kiolezo, na mvuke haulitibu. Kiti kikirudishwa, soketi zote huunganishwa kabla ya betri, na taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi ikikataa kuzimika gari hupelekwa kwa fundi mwenye kompyuta ya uchunguzi.

Ngozi iliyopakwa rangi ya juu haihitaji mafuta, ambayo huishia kunasa vumbi. Kitambaa chenye maji na sabuni laini hutosha, na katika miji ya pwani yenye unyevu, gari lililofungwa kwa wiki kadhaa hufunguliwa milango lipate hewa ili ukungu usiote kwenye mishono.