Kusoma Kumekwisha, Kazi Je?

Katika kila harusi na kila hitima tunayokutana hapa Uingereza, vijana wetu huulizwa swali moja: "Umeshamaliza kusoma, kazi umepata?" Kijana akijibu kuwa bado, hatakosekana mzee wa kusema, "Sisi zama zetu tulimaliza Ijumaa, Jumatatu tuko kazini." Neno hili limewaumiza wengi, na wako walioacha kuja katika shughuli zetu kwa sababu yake. Kwa hivyo nimeona vyema kuieleza historia ya jambo lenyewe katika kitabu chetu cha mwaka huu, tujue kila rika lilikuta mlango gani wazi na upi umefungwa.

Nitatoa mfano wa nyumba yetu, kwani ndiyo niijuayo. Marehemu ami yangu alifika London kutoka Unguja mwaka 1961. Mimi nilifika kutoka Mombasa mwaka 1975. Binti wa ndugu yangu alifika mwaka 2023. Sote watatu tulikuja kusoma na sote tulifaulu, lakini kila mmoja alikutana na sheria nyengine.

Alipofika ami, raia wa nchi za Jumuiya ya Madola walikuwa wakiingia Uingereza na kufanya kazi bila ya kibali. Mlango huo ulianza kufungwa tarehe 1 Julai 1962, ilipoanza kutumika sheria mpya ya uhamiaji. Tangu siku hiyo aliyetaka kuja kufanya kazi ilimbidi apate hati maalumu, nazo zilikuwa za daraja tatu: A kwa aliyekwisha ahidiwa kazi, B kwa mwenye ujuzi uliohitajiwa, na C kwa wengineo. Mwaka 1965 daraja C iliondolewa na hati zikapunguzwa mpaka 8,500 kwa mwaka. Ami alikuwa keshaingia, hakuguswa.

Azma yake ilikuwa kurejea kwao. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Fedha alizokuwa akiletewa kutoka nyumbani zikakatika, na pa kurejea hakupaona. Alipochukua digrii yake mwaka 1965 ni kweli alianza kazi wiki ile ile; lakini kazi yenyewe ilikuwa kukata tiketi ndani ya basi. Kila alipoomba kazi ya ofisini alijibiwa kuwa nafasi imekwisha pata mtu. Pa kushtaki hapakuwapo, maana sheria ya mwaka 1965 ya kukataza ubaguzi wa rangi ilihusu mahali pa watu wote, kama hoteli na mikahawa, haikugusa ajira. Mwaka 1967 taasisi ya Political and Economic Planning ilitoa uchunguzi wake, ambamo Mwingereza, Mzungu mgeni na mtu wa rangi walitumwa kuomba kazi zile zile, wakiwa na sifa sawa. Ikadhihirika kuwa ubaguzi ulikuwa mkubwa mno. Sheria ya mwaka 1968 ndiyo iliyoitia ajira ndani yake, na mwaka uliofuata ami akapata meza ya uhasibu. Basi Jumatatu ile ya wazee ilikuwapo, ila ilichukua miaka minne kufika kwenye kazi aliyoisomea.

Mama zetu nao wasisahauliwe. Hospitali zilihitaji wauguzi, na mwanafunzi wa uuguzi alilipwa huku akijifunza. Lakini njia zilikuwa mbili: ya miaka mitatu, iliyompa mtu cheti kamili, na ya miaka miwili, iliyompa cheti cha chini. Wanawake wengi waliotoka ng'ambo walisukumwa katika ile ya pili, ambayo kupanda cheo kwake kulikuwa kugumu, na katika nchi nyengine cheti chake hakikutambuliwa.

Katika miaka hiyo mambo mawili yalibadilisha hesabu za familia zetu. La kwanza ni ada. Tangu mwaka 1967 mwanafunzi wa kigeni alitakiwa kulipa pauni 250 kwa mwaka, ambapo mwenyeji alilipa kiasi cha pauni 70. Na tangu mwaka 1980 mgeni akatakiwa alipe gharama yote. La pili ni Oman. Sultan Qaboos alipotawala tarehe 23 Julai 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Jamaa zetu wengi wenye asili ya huko, waliokuwa na digrii zao na Kiingereza chao, walifunga mizigo wakaenda Muscat. Kazi waliyoikosa hapa waliipata kule, na hakuna aliyewaita walioshindwa.

Nilipofika mimi, sheria ya mwaka 1971 ilikuwa imeshaanza kutumika, tangu tarehe 1 Januari 1973. Nilimaliza uhandisi mwaka 1978. Ilinibidi nirudi Mombasa, nikangoja miezi saba huku mwajiri akiniombea kibali na kueleza kwa nini hakumpata mtu wa hapa hapa. Kibali kilipokuja kilikuwa cha mwajiri yule mmoja tu. Waliokuja nyuma yangu walipandishwa cheo, nami sikuweza kuhama, kwani kuhama kulitaka kibali kipya. Baada ya miaka minne ndipo niliporuhusiwa kuomba ukaazi wa kudumu, nikapumua.

Baadaye serikali ililegeza kamba. Mwaka 2004 wahitimu wa sayansi na uhandisi waliruhusiwa kubaki mwaka mmoja. Mwaka 2005 Scotland ikatoa miaka miwili. Na mwaka 2008 miaka miwili ikawa ya Uingereza nzima. Aprili 2012 njia hiyo ikafungwa. Kwa miaka tisa mhitimu aliyetaka kubaki alikuwa na miezi michache tu ya kumpata mwajiri mwenye leseni ya kumdhamini. Mlango ukafunguliwa tena tarehe 1 Julai 2021: miaka miwili kwa wahitimu kwa jumla, na mitatu kwa waliopata shahada ya uzamivu.

Binti wa ndugu yangu yumo katika viza hii. Aliniambia, "Ami, kazi zipo, wakisikia nitahitaji kudhaminiwa, simu hukatika." Viza yake haiongezwi muda, wala miaka yake haihesabiwi katika ile ya kuombea ukaazi wa kudumu kwa njia ya kazi. Ikimalizika, sharti apate mwajiri mwenye leseni, na mshahara. Tangu tarehe 22 Julai 2025 kima cha kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, na kwa wanaoanza kazi, wakiwamo wahitimu, ni pauni 33,400, nazo kazi nyengine zina kima kikubwa zaidi. Na watakaoiomba viza ya wahitimu kuanzia tarehe 1 Januari 2027 watapewa miezi 18 badala ya miaka miwili, isipokuwa wenye shahada ya uzamivu.

Kwa hakika ami yangu hakumzidi binti huyu akili, wala mimi sikumzidi bidii. Ami alipishana na sheria kwa mwaka mmoja tu. Mwaka wa kuhitimu haumchagui hodari. Tukiwapima vijana kwa pishi ya zamani tutawadhulumu, tena tutawafanya wafiche shida zao mpaka tarehe ya viza ipite.

Basi ombi langu kwa jamaa ni matatu. Wenye watoto vyuoni wawahimize kuitafuta kazi tangu muhula wa kwanza, na waiangalie orodha ya waajiri wenye leseni ambayo serikali huitangaza kwa wote. Wenye biashara au vyeo wawajulishe vijana kwa wenzao, kwani neno la mtu anayejulikana lina uzito. Na kijana atakayeamua kurudi Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au kwenda Muscat apokewe kama tulivyowapokea wale wa mwaka 1970, kwa heshima na bila ya maswali.

Wassalaam.