Kipimo cha Wasifu

Sisi wa Terrat, chini ya Mlima Meru, hatukumsikia Siti binti Saad akiimba. Alifariki Unguja mwaka 1950. Twamjua kwa santuri, za kwanza zikiwa zile za Bombay za mwaka 1928, na kwa wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Ubora wa wasifu si wingi wa sifa. Marehemu Shaaban hakuficha kwamba Siti aliuza vyungu. Kwa hiyo tunauona urefu wa njia aliyoipita. Lakini taarabu haipigwi na mtu mmoja. Basi kila tusomapo wasifu wa msanii, na tuulize: wenziwe, mfano wa Subeti Ambari na Mbaruku Talsam, wamepewa haki yao? Sifa iliyonyang'anywa wengine haimpambi mtu.