Deni la Mwuliza Swali

Katikati ya miaka ya 1980, mtu aliyetaka kutuma swali kwenye Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano, kwa programu ya Larry Wall iliyoitwa rn alisimamishwa kwanza mlangoni. Programu ilimweleza kwamba ujumbe wake utafika kwenye maelfu ya mashine duniani, na kwamba safari hiyo itaugharimu mtandao mamia ya dola, pengine maelfu. Kisha ikamwuliza kama kweli ana hakika na anachokifanya.

Hesabu hiyo ilikuwa ya kukadiria tu, na wengi walibonyeza herufi ya ndiyo bila kusita. Hata hivyo haikuwa utani. Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, wakishirikiana na Steve Bellovin wa chuo jirani cha Chapel Hill. Haikuwa na makao makuu wala mmiliki. Kompyuta moja iliipigia simu nyingine, mara nyingi usiku bei ya simu iliposhuka, ikaikabidhi mabandiko mapya na kupokea ya mwenzake. Nayo ya pili ikaipigia ya tatu. Modemu za mwanzo zilipitisha biti 300 kwa sekunde, kasi isiyomwacha mbali mtu anayesoma haraka. Bili ililipwa na chuo au kampuni yenye mashine, na si kila mkuu wa idara alijua analipia nini hasa.

Hapo ndipo neno "asante" lilipogeuka kuwa tatizo. Mtu anauliza jambo moja kuhusu printa yake. Watu ishirini wanamjibu hadharani, kumi na watano kati yao wakisema jambo lile lile. Naye, kwa adabu aliyofunzwa nyumbani, anamshukuru kila mmoja hadharani. Mabandiko arobaini na moja yanasafiri kwa simu za masafa marefu hadi kwenye kila mashine ya mtandao, na faida yake ni jibu moja. Aliyekuwa anashukuru kwa moyo mweupe alikuwa, machoni pa wenyeji, anawalipisha watu wengine shukrani zake.

Dawa waliyoipata ilikuwa na akili. Chuq Von Rospach, mmoja wa wakongwe wa Usenet, aliandika mwongozo wa kuishi na watu mtandaoni ambao kwa miaka mingi ulibandikwa upya kila baada ya muda ili wageni wausome. Ndani yake kuna kanuni mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza inamhusu anayejibu: usijibu hadharani, mtumie mwulizaji barua pepe ya faragha. Ya pili inamhusu aliyeuliza: ukishapata majibu, yakusanye, ondoa yanayojirudia, yahariri yawe bandiko moja fupi, kisha lirudishe pale pale ulipouliza, ukitaja majina ya waliokusaidia. Mwongozo uliliita jambo hilo uungwana wa kawaida tu, kana kwamba ni sawa na kurudisha sufuria ya jirani.

Kwa hiyo shukrani ikawa kazi. Aliyeomba msaada alijikuta amekuwa mhariri, na ukubwa wa deni lake ulipimwa kwa ubora wa muhtasari aliourudisha.

Kanuni hii haikushikwa na wote, na ndiyo maana Brad Templeton alipata cha kuchekesha. Yeye ndiye aliyemwandika Emily Postnews, mshauri wa kubuni aliyepewa jina la kumkejeli Emily Post, bingwa wa adabu za Kimarekani ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1922. Emily Postnews hujibu kila swali kwa ushauri mbovu kabisa, na msomaji mwenye akili hufanya kinyume chake. Kejeli ilifundisha kuliko mahubiri. Maandishi hayo yaliendelea kupitishwa kwa wageni hata baada ya wengi kusahau nani aliyaandika.

Mahali pengine kanuni ilikuwa kama sheria. Orodha ya barua pepe ya sun-managers iliwakusanya watu waliosimamia kompyuta za kampuni ya Sun, mashine zilizokuwa zimeenea vyuoni na kwenye maabara. Hawakuwa watu wa kupiga soga. Mtu aliandika pale kwa sababu mashine ya ofisi nzima imelala na bosi amesimama nyuma yake. Majibu yalikwenda kwake binafsi. Yeye, moto ukishazimika, alidaiwa bandiko moja lenye neno SUMMARY kwenye kichwa chake. Muhtasari wa kawaida uliwataja waliojibu, ukarudia swali, ukaorodhesha mapendekezo, kisha ukasema lipi lilifanya kazi. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kilichokuwa dhahabu. Watu wengi wanaweza kutoa ushauri, lakini ni mwenye tatizo peke yake anayejua ushauri upi uliponya. Asiporudi kusema, ushauri mzuri na ushauri wa ovyo hubaki vimekaa bega kwa bega, na anayekuja baadaye hana njia ya kuvitofautisha.

Mkusanyo wa mihtasari hiyo uligeuka kuwa maktaba. Zile orodha za maswali yaulizwayo mara kwa mara, ambazo leo ziko hadi kwenye tovuti za benki na mashirika ya maji, zilikulia katika mazingira hayo hayo: mtu amechoka kuona swali moja likijibiwa upya kila mwezi, akaamua kuandika jibu mara moja kwa niaba ya wote.

Adabu ya namna hii ilikuwa na mizizi mirefu kuliko Usenet. Tarehe 7 Aprili 1969, Steve Crocker, mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha UCLA, alitoa waraka wa kwanza wa kiufundi wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Yeye na wenzake walikuwa vijana wasio na cheo, wakihofia kwamba wataalamu wakubwa wangetokea wakati wowote na kuwauliza nani amewapa ruhusa. Kwa hiyo hakuuita waraka huo kanuni wala agizo. Aliuita ombi la maoni, kwa Kiingereza Request for Comments, kwa kifupi RFC. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba aliuandika usiku bafuni, ili asiwaamshe wenyeji waliokuwa wamemkaribisha kulala. Jina hilo la unyenyekevu lingalipo: nyaraka hizo zimepita 9,000, nyingine ni sheria ambazo mtandao mzima unazitii, na bado kila mmoja kwa jina ni ombi tu. Nyingi hubeba sehemu ya shukrani karibu na mwisho, ambapo waliosoma rasimu na kuona makosa hutajwa kwa majina.

Wavuti yenyewe ilitangazwa katika hali ya kumjibu mtu. Agosti 1991, mshiriki wa kundi la Usenet lililoitwa alt.hypertext aliuliza kama kuna anayejua utafiti kuhusu viungo vya kuunganisha taarifa zilizoko sehemu mbalimbali. Tarehe 6 mwezi huo Tim Berners-Lee, akiwa kwenye kituo cha CERN huko Geneva, alimjibu kwa kueleza mradi wake wa World Wide Web na kuwakaribisha wengine kushirikiana naye.

Afrika Mashariki iliingia kwenye habari hizi kupitia mlango wa nyuma, na gharama zake zilikuwa chungu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mradi wa ESANET ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa fedha za shirika la Kanada la IDRC, ulianza kuunganisha vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe kwa barua pepe. Teknolojia ilikuwa FidoNet, iliyoanzishwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ndogo za nyumbani: barua hufungwa furushi moja, kisha simu moja hupigwa kulivusha furushi lote. Mashirika yasiyo ya kiserikali ya Nairobi nayo yalituma na kupokea mafurushi hayo kupitia GreenNet ya London. Kila dakika ya simu ya kimataifa ilihesabiwa. FidoNet ilikuwa na kanuni yake ya adabu, na labda ndiyo fupi kuliko zote zilizowahi kuandikwa mtandaoni: usiwaudhi wenzako kupita kiasi, na wewe mwenyewe usiwe mwepesi wa kuudhika.

Kufikia Oktoba 1995, Sally Hambridge wa kampuni ya Intel alipokusanya adabu zote hizi katika waraka wa RFC 1855, hali ilikuwa imeshaanza kubadilika. Waraka unasisitiza bado kwamba aliyeuliza arudishe muhtasari, tena uwe muhtasari kweli, si rundo la barua alizopokea. Lakini kampuni za kibiashara kama America Online zilikuwa zimeshafungua milango ya Usenet, na wageni waliokuwa wakija kwa mafungu kila Septemba, vyuo vinapofunguliwa, sasa walikuja kila siku. Mgeni mmoja hufundishwa na wenyeji ishirini. Wageni elfu kwa siku hawafundishwi na mtu.

Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo huenda ina uzito kuliko hiyo ya wageni: gharama ilitoweka. Onyo la Larry Wall halikuwa na maana tena, na adabu iliyojengwa juu ya bili ya simu ilipoteza nguzo. Mwaka 2001 Eric Raymond, katika mwongozo wake wa namna ya kuuliza maswali kwa akili, bado aliwahimiza watu warudi na taarifa fupi tatizo likiisha, na waweke alama ya "limetatuliwa" kwenye kichwa cha habari. Aligusia hata desturi ya kutanguliza shukrani, inayofahamika vizuri kwa kila aliyewahi kuandika barua rasmi ya Kiswahili. Kuna waliochukizwa nayo, wakidai kwamba mtu hushukuru mapema ili asilazimike kurudi. Raymond alisuluhisha: tanguliza ukitaka, lakini ukishasaidiwa rudi ushukuru tena.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyofunguliwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, ilichukua njia nyingine kabisa: iliibadilisha shukrani kuwa namba. Anayeuliza huweka alama ya tiki ya kijani kwenye jibu lililomsaidia, na aliyejibu hupata pointi 15. Mwulizaji naye hupewa pointi 2 kwa kukumbuka kufanya hivyo. Maneno ya asante hayatakiwi kwenye swali, na salamu mwanzoni ni za kufutwa. Kwa mtu aliyelelewa kubisha hodi kabla ya kusema shida yake, ukurasa ule ni kama nyumba ambayo watu huingia wakidai chumvi bila kusema "hamjambo". Haki yao wapewe: tiki inasema wazi lipi lilifanya kazi, na hilo ndilo lililokuwa kiini cha muhtasari wa zamani. Kilichopungua ni simulizi, yaani kwa nini majibu mengine manne yalishindwa.

Waandishi wa programu ya Linux wamebaki karibu zaidi na desturi ya zamani. Kila badiliko linaloingia kwenye kiini cha Linux linaweza kubeba mistari inayotaja nani aliripoti kasoro, nani alipendekeza dawa na nani aliijaribu. Mwongozo wao unakiri sababu bila haya: kumpa sifa aliyeripoti, na kumtia moyo asaidie tena.

Maumivu ya asiyerudi yalichorwa mwaka 2011 na msanii wa vibonzo vya xkcd. Mtu ana tatizo la kompyuta, anatafuta, anakuta mmoja tu duniani, aitwaye DenverCoder9, aliyewahi kulipata, mwaka 2003. Hakuna jibu. Msomaji anaitikisa kompyuta na kumlilia mtu huyo aseme aliona nini.

Kwa Kiswahili, yaliyotokea kwenye jukwaa la Kitanzania la JamiiForums yanastahili kutazamwa kwa makini. Jukwaa hilo, lililoanzishwa na Maxence Melo na Mike Mushi mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, linajulikana zaidi nje kwa siasa na kwa kesi za mahakamani. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ni watu wanaoomba ushauri: kufuga kuku, kununua gari lililotumika, kiwanja chenye mgogoro, ndoa inayoyumba. Mlango hufunguliwa kwa "Wakuu, naombeni ushauri", na majibu humwagika, ya busara na ya dhihaka kwa pamoja. Kisha, baada ya wiki au miezi, baadhi yao hurudi na uzi mpya ambao kichwa chake kimeanza na neno "Mrejesho". Mwandishi hueleza alichoshauriwa, alichokifanya, kilichoharibika na alipofikia, na mara nyingi huwataja kwa majina yao ya jukwaani waliomsema ukweli.

Hakuna bili ya simu inayowasukuma. Sababu mojawapo ni kwamba wasomaji wanadai. Uzi wa ushauri huko husomwa pia kama hadithi ya kufuatana, na anayeacha sehemu ya mwisho hukumbushwa. Chini ya swali la mtu aliyeomba ushauri wa kuacha kazi ili akalime matikiti, na ambaye hajaonekana tangu hapo, mgeni anayepanga kufanya jambo hilo hilo huja na kuandika: "Mkuu, vipi, ulifanikiwa? Tupe mrejesho."