Ihsani: Ibada isiyoishia msikitini

KATIKA Kiswahili, neno hisani limezoeleka kwa maana ya fadhila: mtu hukutendea hisani, nawe ukamshukuru. Asili yake ni neno la Kiarabu ihsani, ambalo mzizi wake ndio uliozaa pia majina Hassan, Hussein na Muhsin. Maana yake ni pana kuliko hiyo tuliyoizoea. Ihsani ni kulitenda jambo kwa uzuri unaostahili, hasa pale pasipo na jicho la mwanadamu.

Maelezo yake mashuhuri zaidi yamo katika hadithi ya Jibril, iliyopokewa kwa Umar bin Khattab (RA) na kunukuliwa na Imam Muslim. Masahaba walikuwa wameketi na Mtume Muhammad (SAW) alipowatokea mtu mwenye nguo nyeupe pepe na nywele nyeusi tititi. Hakuwa na dalili yoyote ya safari, na papo hapo hapakuwa na aliyemjua. Aliketi magoti yake yakigusana na ya Mtume, akamwuliza juu ya Uislamu, kisha imani, kisha ihsani. Kuhusu hilo la tatu alijibiwa kwamba ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba mja anamwona. Na ikiwa hamwoni, ajue kuwa Yeye anamwona. Baada ya mgeni kuondoka, masahaba walielezwa kuwa huyo alikuwa Jibril, amekuja kuwafundisha dini yao.

Wengi wetu tunasumbuliwa na sehemu ya pili ya jibu hilo. Sala hurefuka watu wanapotutazama, ikafupika tukiwa peke yetu chumbani.

Hata hivyo, anayedhani ihsani ni ya msalani tu hajaisoma hadithi ya Shaddad bin Aus, ambayo pia imo katika Sahihi Muslim. Humo Mtume anaeleza kuwa Mwenyezi Mungu ameifaradhisha ihsani katika kila jambo, na mfano anaoutoa si wa sala wala saumu, bali wa machinjioni: mchinjaji anoe kisu chake na ampunguzie mnyama mateso. Katika mapokezi mengine, Mtume alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku amemkanyaga kondoo naye anamtazama, akamwuliza kama alitaka kumwua mara mbili. Ndiyo maana wanazuoni wakachukia kisu kunolewa mbele ya mnyama, au mmoja kuchinjwa mwenzake akiona. Mnyama hawezi kushtaki, na mnunuzi wa nyama hatajua kisu kilikuwa butu.

Katika mali, Sura An-Nahl, aya ya 90, inaamrisha uadilifu na ihsani kwa pamoja. Uadilifu ni kulipa deni kama lilivyo. Ihsani huzidi hapo. Mtume aliwahi kukopa ngamia, na mwenyewe alipokuja kumdai kwa maneno makali, masahaba wakataka kumwadhibu. Mtume aliwazuia, akisema mwenye haki ana ruhusa ya kusema. Walipokosa ngamia wa umri ule ule, aliamuru mdai apewe aliye bora zaidi.

Aya hiyo husomwa mwishoni mwa hotuba ya Ijumaa katika misikiti mingi, desturi inayonasibishwa na Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 717 hadi 720. Waumini huisikia wakiwa tayari wanajiandaa kusimama kwa sala.