Halima Aden na watoto wanaoimbia wageni

Barabara inayopita hapa Soy kutoka Eldoret haiishii Kitale. Ikazanie tu, pita Kapenguria, teremka hadi Lodwar, mwishowe utaingia Kakuma. Malori ya msaada tunayoyaona yakipita huelekea huko. Kwa hivyo wasee, stori ya leo si ya mbali vile mnadhani.

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, kwanza kwa vijana waliotembea kwa miguu wakikimbia vita vya Sudan. Baadaye wakaja Waethiopia, Wasomali na wengine. (Halafu mtandaoni kuna watu wanaodai eti "Kakuma" ni neno la Kiswahili lenye maana ya "hakuna mahali". Manze, Kiswahili gani hicho?) Mama mmoja Msomali aliyekimbia vita vya kwao alimzaa binti huko mwaka 1997. Binti huyo ni Halima Aden.

Alikulia kwenye vumbi na malaria, akicheza na watoto wa mataifa mengi, na lugha waliyoelewana nayo ilikuwa Kiswahili. Amewahi kueleza kwamba alijua kuandika UNICEF kabla hajajua kuandika jina lake. Mahali pa jina alikuwa akichora alama ya X tu. Akiwa na miaka kama saba familia ikahamishiwa Marekani, kwanza St. Louis, kisha St. Cloud kule Minnesota, ambako Wasomali ni wengi.

Sehemu ya umaarufu mnaijua, nitaipitia mbio. Mwaka 2016 alishindana kwenye Miss Minnesota USA akiwa na hijabu na burkini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya pale. Mwaka 2017 akapanda jukwaa la Yeezy mjini New York. Mwaka 2018 akawa wa kwanza mwenye hijabu kwenye jalada la Vogue ya Uingereza, na 2019 akapigwa picha za Sports Illustrated hapa kwetu Watamu. Mkataba wake ulisema wazi kwamba hijabu haitoki.

Mwaka 2018 UNICEF wakamfanya balozi. Hapo ndipo kila mtu alisema mduara umekamilika: mtoto wa kambi sasa anasaidia watoto wa kambi, na jina alilolipata kwenye mitindo ndilo linachangisha. Inapendeza kusikia. Lakini aliporudi Kakuma aliwauliza watoto kama bado huimba na kucheza kila mgeni maarufu anapokuja, vile yeye na wenzake walivyokuwa wakifanya. Wakamwambia ndiyo, bado. Tofauti ni kwamba safari hii walikuwa wanamchezea yeye.

Hebu fikiria hiyo. Umetoka kwenye ule mstari, umezunguka dunia nzima, halafu unarudi na kuketi kwenye kiti cha mgeni.

Yeye mwenyewe alisimulia haya baada ya kuacha mitindo, uamuzi alioutangaza Instagram Novemba 2020. Alitaja swala alizokosa kwa sababu ya kazi, na siku waliyomfunga jeans kichwani badala ya hijabu. Watu wengi walishika hiyo ya jeans kwa sababu ina vichekesho. Mimi nilibaki na ya watoto.

Kwa maoni yangu, kazi yake nzuri kabisa ya mitindo haikuwa kwenye jalada lolote. Mwaka 2020 korona ilipokaza, alitoa hijabu na vilemba vinavyoendana na barakoa, vikiwa vimeundwa kwa ajili ya wahudumu wa afya. Aliwajua watu hao kwa sababu kabla ya umaarufu alikuwa akifanya usafi hospitalini. Nesi anayevaa hijabu hana pa kuning'iniza kamba ya barakoa, masikio yamefunikwa. Tatizo dogo hivyo mtu wa mbali halioni. Mwaka huohuo Rivatex pale Eldoret walikuwa wanashona barakoa pia, na hakuna mgonjwa aliyeimbishwa ndiyo azipate.

Sasa mbona nawaletea hii? Kwa sababu sisi watu wa kontenti tunapenda sana zile safari za kupeleka nguo kwa watoto. Nimealikwa kadhaa. Karibu kila mara nakuta watoto wamepangwa jua likiwaka, mdogo kabisa mbele, wanaimba wimbo wa kukaribisha wageni na magunia ya sweta bado yamefungwa. Simu zote ziko juu. Nguo ni za kweli na baridi ya huku ni ya kweli, sikatai. Mtu akiniambia bila video wafadhili hawatoi, namwelewa pia, maana pesa za petroli lazima zitoke mahali. Lakini mtoto anakumbuka. Halima alikumbuka hadi akawa mtu mzima, na yeye ndiye aliyebahatika.

Kuna kundi la hapa Soy linapanga safari nyingine Desemba, na wameniomba nishike kamera. Nimewauliza swali moja tu: watoto wataimba? Wameona meseji. Bado hawajajibu.